Vyombo vya Nani? Valvu, Magitaa na Wana wa Kisarawe

Muhidin Maalim Gurumo alizaliwa Masaki, Kisarawe, mwaka 1940. Miaka minne baadaye, tarehe 27 Juni 1944, wilaya hiyohiyo ikampata Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mtoto wa Mzenga. Mmoja alikuja kuwa sauti, mwingine akawa vidole. Ni nadra kipande kimoja cha Pwani, nchi ya mihogo na mikorosho inayotazamana na bonde la mto Ruvu, kuitolea nchi watu wawili wa kiasi hicho karibu kwa mpigo. Linalonishangaza zaidi ni kwamba wote wawili walijipatia jina kwa vyombo ambavyo bila umeme ni mbao na chuma tu, ilhali walikozaliwa taa ya usiku ilikuwa koroboi.

Historia ya dansi tumezoea kuisimulia kwa waimbaji, tungo, na bendi ipi ilimnyakua mwimbaji wa bendi ipi. Sanduku lililosimama nyuma ya mpiga solo hatuliulizi habari zake. Ndani mlikuwa na nini? Nani alilinunua? Na lilipokufa katikati ya dansi, lilifufuliwa kwa kitu gani? Mimi naona nusu ya historia yenyewe imelala humo.

Tuanze na kelele. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, na bendi zilizofuata nyayo zake, zilitegemea tarumbeta, ngoma, banjo na vinanda vya mkono. Gitaa lilikuwepo, lakini lilikuwa la mbao tupu, na ukumbi uliojaa watu wanaocheza hausikii gitaa la mbao. Kazi yake ilikuwa kushika mapigo, basi. Mpiga gitaa hakuwa na namna ya kuwa mfalme wa jukwaa hata angekuwa na vidole vya namna gani, maana tarumbeta moja ilitosha kumfunika yeye na wenzake watatu.

Kilichombadilishia hali ni chupa ya kioo. Valvu ni chupa iliyonyonywa hewa, na ndani yake mna uzi unaopashwa moto kwa umeme mdogo. Uzi huo unachemsha kijibomba cha chuma kiitwacho kathodi, nacho kikishapata joto kinatoa elektroni, ambazo bamba la pembeni, anodi, linazivuta kwa volti nyingi. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaingiza kitu cha tatu katikati, gridi, ambayo ni waya mwembamba uliozungushwa mfano wa wavu. Gridi inafanya kazi ya mtu anayezuia na kufungulia mfereji wa mpunga kwa kiganja: nguvu ya kiganja ni ndogo, maji yanayotii ni mengi. Uzi wa gitaa la umeme ukipigwa huzaa umeme wa sehemu ya kumi ya volti au pungufu. Ukiupeleka kwenye gridi, kwenye anodi unapokea mtikisiko uleule ukiwa mkubwa mara hamsini, mara sitini. Ukiupitisha kwenye valvu nyingine mbili tatu, una nguvu ya kusukuma spika.

Watu wengi wa Tanganyika walikutana na valvu kwanza ndani ya redio. Kituo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Redio za wakati ule zilikuwa masanduku ya mbao au bakelaiti, nazo zilihitaji dakika nzima kupata moto kabla ya kutoa neno. Kwa mtu wa kijijini tatizo lilikuwa bei, kisha umeme, kisha wadudu na unyevu. Jibu la ajabu kuliko yote lilitokea kwa majirani, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mkuu wa idara ya habari wa huko, Harry Franklin, aliishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Mwaka 1949 redio hiyo ikatoka: valvu nne ndogo, betri moja kubwa kavu, na kasha ambalo halikuwa lingine ila sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu, iliyotengenezwa na watu wa kazi ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5. Mchwa hawakuweza kuila. Sitaki mtu aione habari hii kuwa ya kuchekesha. Kuweka valvu ndani ya alumini, ikawa salama kwa mtumiaji na salama dhidi ya mazingira, ni tatizo ambalo watengenezaji wa vyombo vya valvu wamepambana nalo mpaka leo, na jawabu lake halijasogea mbali na sufuria ile.

Gitaa la umeme lenyewe lilitufikia kutoka upande wa magharibi. Mwaka 1953 mpiga gitaa Mbelgiji, Bill Alexandre, aliingia Léopoldville kufanya kazi na lebo ya CEFA, na gitaa la umeme mkononi. Vijana wa mji ule hawakuhitaji kufundishwa mara mbili. Ndani ya miaka michache solo ya Kongo ilikuwa imeacha kunong'ona, ikawa inaimba, na santuri pamoja na redio za huko zikaisambaza hadi Kigoma, Tabora na Dar. Kenya nako alikuwepo Fundi Konde, mtu wa pwani, mwanamuziki aliyepita kwenye jeshi la vita vya pili, naye ni miongoni mwa wa kwanza Afrika Mashariki kulishika gitaa la umeme. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 bendi ya dansi isiyo na amplifaya ilionekana ya kizamani.

Hapo ndipo swali la umiliki lilipoingia. Gitaa la mbao kijana aliweza kulinunua kwa kubana, au akajiundia la kopo na waya wa breki ya baiskeli. Amplifaya ya valvu ni jambo jingine. Ina transfoma mbili nzito, moja ya kupandisha umeme wa ukutani hadi volti mia tatu na zaidi, nyingine ya kuishusha volti ya valvu iendane na spika. Ina valvu zinazochoka na kuhitaji kubadilishwa. Ina spika za karatasi zinazochanika. Bendi inahitaji tatu au nne za namna hiyo, ukiachilia mbali ya maikrofoni. Mshahara wa mpiga solo usingeinunua hata moja.

Nchi mpya ilipata jawabu lake. Mwaka 1964 jumuiya ya wafanyakazi, NUTA, iliunda bendi yake, NUTA Jazz, na kijana wa Masaki, Gurumo, akawa miongoni mwa waliokuwemo tangu mwanzo. Chama kilinunua vyombo, kikawaajiri wapigaji na kuwalipa mshahara wa mwezi. Mtindo huo ukaenea. Polisi wakawa na bendi, Magereza wakawa nayo, jeshi likawa na Mwenge, JKT wakawa na Kimulimuli, umoja wa vijana wakaja na Vijana Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikaunda Urafiki Jazz mwaka 1970 ili kiyatangaze mavazi yake, na shirika la bima halikubaki nyuma. Kwa mwanamuziki huu ulikuwa ukombozi wa kweli: mshahara, nyumba pengine, matibabu. Lakini ulikuwa na mkia wake. Siku mpigaji alipohama bendi, alihama na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki, amplifaya ilibaki, na namna yake ya kulia, ule mlio ambao mashabiki waliutambua tangu barabarani kabla hawajafika mlangoni, ulibaki pia na kupewa mrithi.

Mbaraka alipita njia tofauti kidogo. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa yeye. Morogoro wakati huo palikuwa mahali pa moto. Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilikuwa hukohuko, mpaka Salum alipofariki mwaka 1965. Barabara na Reli ya Kati zinazokwenda Morogoro zote zinapita Ruvu, na mwaka 1963 stesheni ya Ruvu ilikuwa imegeuzwa kuwa njia panda, baada ya reli mpya kutoka Mnyusi kuiunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati. Kwa mtoto wa Kisarawe, dunia ya muziki ilikuwa pande tatu: Dar kwa mashariki, Morogoro kwa magharibi, na Tanga ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwa kaskazini.

Ukizisikiliza rekodi za wakati ule kwa sikio la fundi, kitu cha kwanza unachokigundua ni kwamba gitaa halikwaruzi. Solo ya Mbaraka ni safi, ina joto, ina mwili, lakini kila nukta inasimama peke yake. Mashabiki walimwita "Soloist National", na usafi huo ni sehemu kubwa ya sababu. Dansi ni muziki wa magitaa yanayosukana. Solo inajibiwa na solo ya pili, rithim inakata katikati yao, besi inatembea chini. Gitaa moja likianza kukoroma, yote yanageuka uji. Fundi mitambo wa bendi alikuwa na kazi ya kuipandisha amplifaya hadi karibu na ukingo wa kukoroma na kuiacha hapo. Valvu zinasaidia katika jambo hilo, maana hazikatiki ghafla zinapozidiwa, bali zinakunja vilele vya mawimbi polepole. Mpigaji akikaza kidole mlio unanenepa, akilegeza unasafika. Ni chombo kinachoujua mkono wa mpigaji, na wapigaji wetu walikiitikia.

Kwingineko watu walikuwa wakitafuta kinyume cha usafi huo. Mwaka 1962 mfanyabiashara wa ngoma na magitaa wa London, Jim Marshall, pamoja na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, waliamua kuunda amplifaya yao kwa sababu za Marekani zilikuwa ghali mno. Walichukua Fender Bassman, wakainakili karibu waya kwa waya. Ila kwenye hatua ya kwanza kabisa, pale umeme wa gitaa unapopokelewa, Fender alikuwa ameweka valvu ya 12AY7, na wao wakaweka ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7 na ambayo inakuza zaidi ya mara mbili ya ile. Chasi walikunja kwa alumini, nayo ikawa inapinda kwa uzito wa transfoma hadi baadaye wakahamia chuma cha pua ngumu zaidi. Kutokana na nakala hiyo isiyo kamili ukazaliwa mlio wa roki ya Uingereza. Mafundi wa kwetu wanaokaripiwa kwa kuweka spea isiyo ya kampuni wangeufurahia mkasa huu.

Mwaka huohuo, 1962, Marekani kilitoka kikasha kidogo cha kukanyaga kwa mguu, Maestro FZ-1, chenye transista badala ya valvu, ambacho kazi yake ilikuwa kuuchafua mlio kwa makusudi. Hiyo ndiyo pedali ya kwanza ya aina yake kupata soko. Miaka kumi baadaye Zambia ilikuwa imeingia wazimu wa milio hiyo. Bendi kama WITCH na Amanaz zilikwaruza magitaa hadi muziki wao ukapata jina lake, Zamrock. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inakwenda huko ikipita Mzenga, mlangoni kwa kina Mwaruka. Mizigo na watu walisafiri. Mkwaruzo haukushuka kwenye stesheni hiyo. Dar palikuwa na Sunburst, bendi ya vijana wa mataifa kadhaa waliotoa albamu yao ya "Ave Africa" mwaka 1976, nao walikaribia roki kuliko wengine. Dansi yenyewe ilibaki safi. Sidhani kwamba ulikuwa uhaba wa pedali tu. Wapigaji wangezitafuta kama wangezitaka.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walipelekwa Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Expo 70. Katika mji huohuo kulikuwa na kampuni ya Ace Tone, iliyotengeneza vinanda, amplifaya na pedali, chini ya Ikutaro Kakehashi. Miaka miwili baada ya maonyesho Kakehashi alianzisha Roland, na mwaka 1977 tawi lake la Boss likatoa pedali ndogo za chuma zilizokuja kuenea dunia nzima. Mtoto wa Mzenga alipiga gitaa katika mji ambamo biashara ya sauti ya mfukoni ilikuwa inachipua. Yeye alirudi nyumbani, na mwaka 1973 akaiacha Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na miaka 34.

Mwisho wa muongo ule ulikuwa mgumu kwa kila chombo chenye nyaya. Vita vya Kagera vilikula fedha za kigeni, mafuta yalipanda bei, na aliyetaka kuagiza valvu kutoka Ulaya alishindana na aliyetaka kuagiza dawa. Hapo ndipo fundi redio alipokuwa nguzo ya dansi bila kutajwa kwenye santuri yoyote. Kipuri hakipo, basi kapasita inatolewa kwenye redio iliyokufa. Transfoma imeungua, basi inafumuliwa na kusukwa upya waya kwa waya, mizunguko ikihesabiwa kwa kalamu kwenye karatasi. Spika imechanika, inabandikwa karatasi na gundi. Safari za mikoani zilikuwa na balaa lake la ziada, jenereta. Umeme wa jenereta inayochechemea ukishuka, uzi wa valvu unapoa, kathodi haitoi elektroni za kutosha, na gitaa linafifia wakati ngoma inaendelea kama kawaida.

Bara hatukuwa na chanzo kimoja kikubwa cha valvu ambacho mafundi wa Ulaya walikuwa nacho, yaani televisheni kuukuu. Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973, lakini Bara ilingoja hadi 1994, na kufika hapo dunia ilikuwa imeshahamia transista. Kwa hiyo hazina yetu ya valvu ilikuwa redio, redio-gramu, na amplifaya za misikiti, makanisa na mikutano ya hadhara.

Wakati huohuo wa uhaba, swali la vyombo vya nani lilizidi kuwaandama wanamuziki. Gurumo aliihama JUWATA, jina jipya la NUTA, akaenda kuianza Mlimani Park mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS. Shirika lilipokufa mwaka 1983, bendi ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, vyombo na watu. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alifika na vyombo vyake na mshahara mnono, akamchukua Gurumo na mpiga solo Abel Balthazar na wengine kuiunda upya bendi yake ya OSS. Watu walisimulia kisa hicho kama usaliti na mapenzi. Mimi naona zaidi biashara ya amplifaya. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Hata Super Matimila ya Remmy Ongala, bendi iliyofika kwenye tamasha la WOMAD mwaka 1988, inaelezwa kwamba jina lake lilitokana na mfanyabiashara aliyemiliki vyombo.

Ndiyo maana nasema pedali ya valvu ilifika kwetu kwa kuchelewa, na kwamba mwenye kuihitaji kuliko wote alikuwa mpiga gitaa wa dansi. Miaka ya 1980 Mmarekani B. K. Butler alitoa Tube Driver, kikasha chenye ECC83 ndani, ambacho mpigaji anakitanguliza kabla ya amplifaya yoyote atakayoikuta ukumbini. Amplifaya inaweza kuwa ya mwajiri, ya baa, ya kukodi. Hatua ya kwanza, ile ile ambayo Marshall aliibadilisha na kuibadilisha dunia, anakuja nayo mwenyewe begani.

Ugumu wake uko kwenye volti. ECC83 ina trayodi mbili, kila moja na kathodi, gridi na anodi yake, katika chupa moja, na karatasi ya kiwanda inaitaka anodi ipate kama volti 250. Pedali nyingi za dukani hukwepa gharama, zinailisha valvu volti 12 au zaidi kidogo, halafu kazi kubwa ya kukwaruza inafanywa na chipu pembeni. Valvu inawaka kwenye kidirisha, mnunuzi anafurahi. Kwa roki si neno. Kwa mtu anayetaka solo safi yenye mwili kama ya Morogoro ya 1970, ni hasara tupu, kwa sababu valvu yenye njaa inakunja mawimbi mapema na kila nukta inavaa blanketi.

Anayeijenga mwenyewe ana njia nyingine, na hapa betri inasaidia. Uzi wa ECC83 ukiunganishwa kwa mfululizo unataka volti 12.6 na sehemu ndogo ya ampea, 0.15. Betri ya gari au ya sola iliyojaa ikipumzika husoma volti hizohizo. Nyumba yoyote ya Ruvu yenye paneli paani ina chakula cha valvu tayari. Zinazobaki ni volti za anodi, na hizo hupatikana kwa saketi ndogo ya kupandishia umeme, ambayo wengi huijenga kwa chipu ya 555, kitu cha bei ya soda kilichobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971: chipu inawasha na kuzima transista maelfu ya mara kwa sekunde, koili inarusha umeme juu, diodi inaunasa, kapasita inauhifadhi. Mara volti 200 na zaidi, na trayodi moja inakula takribani miliampea moja tu. Kwenye anodi wanaweka rizista ya kilo-omu 100, kwenye kathodi ya kilo-omu 1.5, na kati ya hatua moja na nyingine kapasita ndogo ya kuzuia volti hizo zisiifikie hatua inayofuata. Rizista nyingine kubwa inawekwa kuimwaga kapasita chaji betri ikishachomolewa. Fundi asiyeiweka atakumbushwa siku atakapoingiza kidole. Volti mia mbili zilizohifadhiwa hazijui kama swichi imezimwa.

Kasha ndilo linaloonyesha fundi wa kweli. Viwanda vya Marekani hutumia kisanduku cha alumini ya kusubu, kizito, kinachostahimili kukanyagwa kwa kiatu usiku kucha. Alumini ya kusubu kwetu si habari: pistoni mbovu na mabaki ya injini huyeyushwa na kumiminwa kwenye ukungu wa mchanga yakawa sufuria, na anayeweza kumimina sufuria anaweza kumimina kasha lenye kuta za milimita tatu, akipewa mfano wa mbao. Anayependa bati atakwenda Gerezani, Dar, ambako watu wanakunja masanduku, makarai na majiko kwa nyundo na reli tangu zamani. Kibaha nako kazi ya chuma haikuanza jana. TAMCO walikuwa wakiunganisha malori ya Scania pale. Mambo matatu hayana mjadala. Kasha lote liunganishwe na waya wa ardhi ili lizuie mvumo na limlinde anayekanyaga. Pawe na matundu ya kupumulia, maana uzi peke yake unatoa karibu wati mbili za joto. Na soketi ya valvu ikae juu ya vipande vya mpira, vya tyube ya baiskeli vinatosha, la sivyo kila teke la swichi litasikika kwenye spika, valvu ikiwa inaupokea mtikisiko kama maikrofoni.

Gurumo alistaafu muziki mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka hamsini jukwaani, na mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, akamzawadia gari. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, alifariki na kuzikwa kwao Masaki. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro, na Ruvu ni mojawapo ya stesheni zake. Mpigaji anayetoka Morogoro na begi la pedali leo anafika Dar kabla ya chai ya saa nne kupoa. Valvu yenyewe imekuwa adimu kuliko treni. Viwanda vilivyobaki duniani vinahesabika kwa vidole, vingi vikiwa Urusi, Slovakia na China, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, usafirishaji wa valvu za Urusi ulisimama kwa muda na bei zikaruka.

Kuna njia ya mkato ambayo bei ya soko haiigusi. Redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1950, zile ambazo bado zimejaa vumbi kwenye kabati za wazee, zina valvu ya EBC81 katika hatua ya kwanza ya sauti. Trayodi yake ina kipimo cha kukuza cha 70, dhidi ya 100 cha ECC83, na kwa solo ya dansi upungufu huo ni heri. Uzi wake ni wa volti 6.3. Mbili zikifungwa kwa mfululizo zinataka 12.6, sawasawa na betri. Soketi ni ileile ya miguu tisa, ila miguu imepangwa kwa mpangilio mwingine, kwa hiyo mchoro wa saketi unachorwa upya kabla ya kushika risasi ya kulehemu.